Nilivyotoboa Ukuta wa Mzee Seif

Ukimwona fundi anaingia nyumba ya watu na drili mkononi, na hajaugonga ukuta hata kwa kidole, mwite pembeni, mpe maji ya kunywa, kisha mrudishe kwao. Huyo bado. Najua ninachokisema, kwa sababu fundi huyo nilikuwa mimi, na hakuna aliyenipa maji.

Ninaitwa Monika. Hapa Tabora wengi walinizoea kwa jina la Dada Fundi, ingawa siku hizi magoti yanalalamika nikipanda ngazi, na wajukuu wananiita Bibi Spika. Nilizaliwa kijijini Puge, katika nyumba ya wakulima wa karanga na viazi vitamu. Nikaja mjini kutengeneza redio, nikamalizia kazi yangu kwa jambo ambalo kijijini kwetu wangeita uchawi: kuficha spika ndani ya ukuta, sauti itoke mbele, nyuma na ubavuni, na mwenye nyumba akae kwenye kochi lake asijue inatokea wapi. Ninyi mnaoanza sasa mna mashine nzuri kuliko zangu, na video za kujifunzia ziko kwenye simu zenu. Mimi nina makosa. Naomba niwagawie machache, na moja nitalieleza lote, maana ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Idrisa, mtu mfupi mwenye hasira za haraka na vidole vya polepole. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Siku niliyokwenda kuomba kazi aliniangalia kutoka kitambaa cha kichwani mpaka kandambili.

"Wewe binti, unajua nini kuhusu redio?"

"Sijui kitu, Mzee."

"Afadhali. Wanaojua ndio wanaoniharibia vitu vya watu."

Mwezi mzima hakunipa bisibisi. Alinikalisha kwenye stuli nimegeukia ukuta, macho nimefumba, yeye akawa anawasha spika moja baada ya nyingine nyuma yangu. "Ipi imechanika karatasi? Ipi ina mchanga? Ipi imefungwa vibaya?" Nikikosea ananigonga begani kwa penseli. "Jicho unaweza kulifumba," alikuwa akisema, "lakini sikio halina kope. Mungu ameliacha wazi. Wewe ndiye unayeliziba kwa kiherehere chako." Wakati ule nilimwona mzee anayependa kutesa watu. Nilikuja kumwelewa baadaye, nikiwa kama mtu ambaye shoka limeshamzama mguuni.

Redio zilipopungua mjini, kwa kuwa kila mtu alibeba ya kwake ndani ya simu, nikahamia kwenye spika. Kwanza za kumbi, halafu za majumbani. Watu walianza kujenga nyumba zenye dari za jipsamu, wakaona televisheni kubwa peke yake haitoshi, wanataka sinema ndani ya sebule. Lakini hawataki kuona masanduku meusi yamepangwa kama majeneza ya watoto. Wanataka ukuta uimbe. Basi nikajifunza kuuimbisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Nzega, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Nilifunga vizuri, nikapaka rangi, nikawasha. Sauti ikatoka, ila ilikuwa nyepesi, haina kifua. Mwalimu akasikiliza ameinamisha kichwa kama anayesahihisha insha. "Monika," akasema kwa upole, "sauti ipo. Ila naona kama imetoka kidogo, itarudi." Nilihangaika siku nzima. Kumbe spika moja nilikuwa nimechanganya waya, nyekundu kwa nyeusi. Moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta, basi wanakulana wenyewe kwa wenyewe, na besi yote inapotelea katikati. Tangu hapo nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na nikaanza kutia alama ya mkanda kila waya kabla haujaingia ukutani, kwa sababu ukishaingia hautaki tena kuulizwa maswali.

Kosa la pili ni la mchwa. Nisilitie chumvi: nilizika waya ndani ya lipu bila bomba la plastiki, nikidhani mchwa wa Tabora wanakula miti tu. Hawachagui. Baada ya mwaka mmoja mteja aliniita, spika tatu zimekufa. Nilipobandua lipu nilikuta vijia vyao vya udongo vimefuata njia yangu hatua kwa hatua, kana kwamba nilikuwa nimewachorea ramani.

Lakini kicheko kikubwa kilikuwa kijijini Ziba. Kuna mfugaji, Mzee Masanja, alijenga nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, akanitaka niweke spika tano ukutani na sabufa kwenye kona. Huko kazi ilinyooka. Saa sita mchana nikawa tayari kujaribu. Nilikuwa na rekodi moja ya mvua niliyoipenda sana, inaanza matone mawili matatu nyuma ya kichwa, inatembea ubavuni, halafu radi inapasuka mbele mpaka glasi zinatetemeka kabatini. Nikaiweka. Mzee Masanja akafumba macho kwa raha.

Mara tukasikia mkewe anapiga kelele jikoni: "Mbula! Mbula!" Mvua! Akapita mbio na ungo, akatoka nje, akaanza kuzoa michembe aliyokuwa ameianika juu ya mawe. Ninyi wa mjini, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Ikilowa, chakula cha miezi kimeharibika. Jirani alipomwona mke wa Masanja anaokoa michembe, hakutazama hata mbingu, naye akaanza kuzoa yake. Na jirani wa jirani. Tulipotoka nje jua lilikuwa linawaka, hakuna wingu hata la kufutia jasho, na upande mzima wa kijiji umeingiza michembe ndani.

Mama yule akarudi sebuleni, mikono kiunoni. "Nani amenyesha?" akauliza.

Mzee Masanja akaninyooshea kidole bila huruma hata kidogo.

Nilisaidia kuianika upya, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba walinicheka na kunishibisha. Basi hilo mlichukue bure: kabla ya kujaribu spika, uliza nje kumeanikwa nini.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Seif.

Nyumba yake iko mjini Tabora, sehemu ya zamani, aliyoijenga babu yake aliyekuja na biashara njia hii ilipokuwa bado inapitiwa na misafara. Ni nyumba ya ukoo wa Kiarabu, kuta za nje za udongo nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa dirishani amekunja miguu. Aliyeniita hakuwa Mzee, alikuwa mwanawe, Nassor, mwenye duka la vipuri vya magari. Alikuwa na spika tano na sabufa ndani ya maboksi kutoka Dar es Salaam, bado zina harufu ya dukani.

"Dada Monika," akaniambia, "sitaki kujionyesha. Nataka Baba arudi sebuleni."

Akanieleza. Mama yake alipofariki, Mzee Seif alikuwa tayari sikio la kushoto limekufa, na la kulia linajikongoja. Marehemu ndiye aliyekuwa akimwambia watu wanasema nini. Alipoondoka, Mzee akawa anakaa na watu asielewe, anauliza mara mbili, mara ya tatu anaona haya. Mwishowe akahamia chumbani kwake. Chakula anapelekewa kwenye sinia. Hata televisheni hataki kuiona, anasema ni watu wanaotafuna maneno. Kwa daktari amekwenda mara moja, akapewa kifaa cha sikioni, akakitia kwenye droo.

"Nimefikiri," Nassor akasema, "sauti ikimzunguka pande zote, labda itamfikia."

"Na Mzee mwenyewe anasemaje?"

"Kuhusu?"

"Kuhusu kuta zake kutobolewa."

Nassor akatazama kiatu chake. "Kesho anakwenda Urambo kwa dada yake, siku nne. Nitamwonyesha ikishakamilika. Itakuwa kama zawadi."

Hapo, vijana, ndipo nilipopaswa kufunga mkoba wangu. Nyumba ni ya baba, ukuta ni wa baba, na mwana anataka tufanye kazi baba akiwa safarini. Badala yake nikauliza, "Tuanze na ukuta upi?" Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, siwezi kusema ulikuwa utoto. Ilikuwa tamaa ya kazi. Nyumba kama ile sikuwahi kufanya.

Kesho yake Mzee akapandishwa gari asubuhi, Nassor akaenda dukani, mkewe akaenda shule anakofundisha, watoto nao wakaenda masomoni. Nikabaki peke yangu na nyumba. Nikauogopa ukuta mnene wa nje, nikauchagua wa ndani, unaogawa sebule na chumba kingine. Nilijiambia huu ni mwembamba, utakuwa rahisi. Sikuugonga. Nilichora mstatili kwa penseli, nikapima kwa pima maji, nikachukua tindo na nyundo ya kilo mbili, nikaanza.

Nilitaka shimo la kina cha shubiri moja tu. Lakini ule ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, yale ya udongo uliokaushwa juani, na uliongezwa miaka ya baadaye. Tofali bichi ukilipiga kwa nguvu halikatiki, linakata tamaa. Lipu ikaanza kudondoka mabonge mabonge. Mstatili wangu ukawa duara, duara likawa pango. Kadiri nilivyorekebisha ukingo, ndivyo ukingo ulivyonikimbia. Nikapiga pigo moja la kusawazisha, nikasikia *pu!* Tofali moja zima likaangukia upande wa pili, na mwanga ukaingia.

Vumbi lilipotulia nikachungulia. Ndani kulikuwa na kitanda. Juu ya kitanda ameketi mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia, anapukuta vumbi begani, bega la kushoto. Gari lilikuwa limewaharibikia njiani, akarudi kwa bodaboda, akaingia kwa mlango wa uani. Sikio lake bovu lilikuwa upande wangu. Nilikuwa nimeubomoa ukuta wake nusu saa nzima yeye amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anahesabu tasbihi.

Akageuka. Akauona uso wangu ndani ya ukuta wake.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi mdomo ulisema kile ulichofundishwa tangu Puge.

"Shikamoo."

Midomo yangu aliisoma. Akanitazama kwa utulivu ambao mpaka leo unanitoa jasho. "Marahaba," akajibu. "Unamtafuta nani?"

Nassor alikuja mbio kutoka dukani nilipompigia simu. Alitukuta sebuleni, mimi nimesimama mkono wa kulia wa Mzee, mweupe kwa vumbi kama niliyezama kwenye gunia la unga. Mzee ameegemea mkongojo wake mbele ya lile shimo. Mbuzi angepita pale bila kuinama sana.

"Nassor," Mzee akasema, "nyumba imekushinda mpaka unaitoboa?"

"Baba, nilitaka kukufurahisha."

"Nini?"

"Kukufurahisha!"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu."

Nassor akaongea chini chini, macho sakafuni, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Nadhani alisema vile kwa sababu alijua hatasikika. "Tangu Mama atutoke unakula peke yako. Watoto wanakusalimia husikii, wanadhani umewakasirikia. Nimechoka kuwa na baba niliye naye kama sinaye."

Mzee aliona midomo inatembea. Akanigeukia. "Amesema nini?"

Nilimeza vumbi. Hayo hayakuwa maneno yangu ya kubeba. Nikamwangalia Nassor, Nassor akaangalia dirisha.

"Sema, binti," Mzee akasema. "Ukuta umeutoboa bila woga. Maneno yanakushinda?"

Basi nikasogea kwenye sikio lake la kulia. Sikupiga kelele. Mtu asiyesikia vizuri ukimpigia kelele unamwongezea fujo tu. Anachokosa ni maneno kukatwa vizuri, moja moja, kwa sauti ya kawaida iliyo karibu. Nikayarudia yote, polepole, sikuruka hata neno. Lile la mama. Lile la watoto. Lile la mwisho.

Mzee Seif akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Watoto wananisalimia?" akauliza.

"Kila asubuhi," Nassor akajibu.

"Kila asubuhi," nikarudia sikioni.

Nilitegemea machozi, au laana, au yote mawili. Mzee akasema, "Leteni kiti." Akakaa. Akaliangalia shimo langu kwa mara ya kwanza kama fundi anavyoliangalia shimo. "Na wewe, ni nani aliyekufundisha kutindua matofali mabichi kwa nyundo ya kuvunjia mawe?"

"Hakuna, Mzee. Nimejifundisha sasa hivi."

"Naona." Na nadiriki kusema pembe ya mdomo ilitikisika. "Hivyo vidude vyenu ni vingapi?"

"Vitano, Mzee. Vinne ukutani, kimoja chini ya televisheni."

Akanyanyuka tena na mkongojo wake, akaenda kwenye ukuta mnene wa upande wa barabarani, ule nilioukimbia. Akaugonga kwa kichwa cha mkongojo. Sauti nzito, ya mwamba. Akasogea hatua tatu, akagonga tena, akanitazama. Yeye hakuisikia, alikuwa anaijua kwa mkono tu. Mimi niliisikia. Palikuwa na uwazi ndani.

"Gonga mwenyewe," akasema.

Nikagonga kwa kidole, kama ambavyo ningepaswa kugonga kabla ya kushika tindo. Pale palikuwa na shubaka, yale matundu ya ukutani ambayo watu wa zamani walikuwa wakiweka taa na misahafu. Yalikuwa manne, mawili kila ukuta mrefu, jozi moja karibu na mbele, jozi nyingine nyuma. Mzee alikuwa kijana mama yake alipochoka kufuta vumbi na kuamuru yazibwe, na yeye ndiye aliyepewa udongo na mwiko ayazibe. Nassor amezaliwa, amekua na ameoa ndani ya sebule ile, na hakuwahi kujua.

"Mnatafuta mahali pa kutoboa," Mzee akamwambia mwanawe, "na nyumba ina matundu yake tayari. Ungeniuliza."

"Ungenisikia?" Nassor akauliza. Akajishika mdomo.

Mzee akanitazama. Nikarudia. Na huyo mzee akasema, "Hapo amesema kweli."

Kazi ile ilichukua siku tano, na kwa siku zote tano Mzee Seif alikaa kwenye kiti katikati ya sebule akinisimamia kama nyapara. Tuliyafungua mashubaka taratibu, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Najua mnachosubiri. Hakukuwa na sarafu za dhahabu. Kulikuwa na kokoto, vumbi, na mji mzima wa nyigu waliohama zamani.

Ndani ya kila shubaka nilipachika kasha la mninga, nikalijaza sufi, ile ya mito, kiasi cha kutosha tu kunyamazisha mwangwi wa nyuma ya spika. Ukiishindilia unaiua. Mashubaka yalikuwa juu kidogo kuliko masikio ya mtu aliyekaa, kwa hiyo niliziinamisha spika kwa kabari nyembamba za mbao, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kimtazame msikilizaji usoni. Waya zote ndani ya mabomba, mbali na nyaya za umeme, na kila njia nikaipiga picha kabla haijafunikwa, ili fundi atakayekuja baada yangu asije akanitukana.

Kuhusu lipu tulibishana. Mimi nilitaka saruji. "Saruji juu ya udongo?" Mzee akasema. "Utakuwa umempaka mtu unga wa ugali ukitegemea awe mweupe. Udongo unapumua, saruji inajibana. Mwaka mmoja tu inabanduka." Akaniamuru nichanganye udongo uleule tulioutoa, mchanga na chokaa, na niuloweshe ukuta kwanza kwa maji. Na lile pango langu la ukuta wa chumbani kwake alikataa nisaidiwe na mwashi. "Aliyetoboa ndiye atakayeziba." Nililiziba. Mara ya kwanza akalikataa. Mara ya pili akalipitisha kiganja, akasema linafaa kwa mtu wa umri wangu.

Wakati huohuo, kumbukeni, alikuwa anakaa sebuleni. Sinia la chakula likawa linaletwa pale, na mtu akila sebuleni wengine hula naye. Watoto wakirudi shule wanapita upande wa kulia, nilishawafundisha, wanasalimia karibu na sikio. Niliwaambia wasipige kelele. Walipokezana kama waumini wanaokwenda kukomunika kanisani. Hilo Mzee nilimwambia, akacheka kwa pua.

Siku ya sita, alasiri, nikawasha. Sikuweka mvua, maana uani kulikuwa na nguo. Kwanza nilipiga makofi katikati ya chumba, nikasikia ukuta unanirudishia kwa ukali, nikamwomba mke wa Nassor zulia lingine na mapazia mazito. Halafu nikakihamisha kiti cha Mzee. Nassor alikuwa amekiweka katikati kabisa, mahali pa heshima. Nikakisogeza kushoto, watu na spika nyingi ziwe mkono wake wa kulia, upande wa sikio linalofanya kazi. Nikapunguza sabufa, Nassor akanuna, maana kila mwanamume anayenunua sabufa anataka majirani wajue. Nikapunguza za nyuma. Nikaipandisha ile ya kati, chini ya televisheni, kwa sababu filamu karibu maneno yote hutokea pale, na mzee huyu hakuhitaji milipuko, alihitaji maneno.

Nikamwambia Nassor ukweli pia. "Spika haiponyi sikio. Nimesogeza maneno karibu, basi. Kile kifaa cha kwenye droo bado kina kazi." Mzee, ambaye hakuwa amegeukia kwetu, alimtuma mjukuu akakilete. Sijui alisikia au alikuwa ameamua kabla. Akakichomeka mwenyewe, akikunja uso kama anayekunywa dawa ya muarobaini.

Wakaweka filamu ya vichekesho ya hapahapa nchini. Mwanamume mmoja ndani yake alikuwa anamdanganya mkwewe kwamba jogoo aliyeletwa kama zawadi ametoroka, na jogoo yumo kwenye sufuria, na sufuria inaanza kutoa harufu. Sisi wote hatukuwa tunaangalia filamu. Tulikuwa tunamwangalia Mzee Seif kwa pembe za macho. Uso umekaza, mikono miwili juu ya mkongojo, kichwa kimeinamia kulia. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Nikaanza kutafuta rimoti niongeze.

Mkwe akasema neno moja kuhusu ile harufu, na Mzee akapasuka. Hakucheka kwa heshima. Alicheka kwa tumbo, kichwa nyuma, kofia ikadondoka nyuma ya kiti, na alicheka kabla yetu sote, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza filamu.

Nassor alinyanyuka akatoka. Nilimfuata barazani nikijifanya nimesahau bisibisi. Amesimama ameshika nguzo, analia na kutabasamu kwa pamoja, hajui aanze na lipi.

"Dada Monika," akasema, "nilikuwa nimesahau anavyocheka."

Nikampa leso yangu, yenye vumbi la nyumba yake, nikarudi ndani. Mzee alikuwa anamwamuru mjukuu airudishe filamu nyuma kidogo, kwa sababu kicheko chake mwenyewe kilikuwa kimemfunikia maneno.